Mafunzo kwa Madereva: Kufunga Kompresa ya Upepo Katika Gari la Safari za Pwani

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaovuka kwenda Tanga kwa shughuli mbalimbali hulazimika mara nyingi kuiacha barabara ya lami. Kusini ya Mto Pangani, njia ziteremkazo pwani ya Ushongo, na zile zielekeazo Mkwaja na Saadani, zina mchanga mwororo wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Penye mchanga dereva mzoefu hupunguza upepo wa matairi. Somo hili linaeleza namna ya kuurudisha upepo huo, kwani hapo ndipo ulipo usalama wa abiria.

Tairi lenye ratili 35 kwa inchi ya mraba huuchimba mchanga likazama. Likishushwa hadi ratili 18 hivi, hulala na kukanyaga eneo kubwa zaidi, gari likapita. Lakini tairi hilo hilo likikimbizwa juu ya lami, kuta zake hujikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko, joto hupanda, na hatimaye hupasuka. Dereva asiye na njia ya kujaza upepo hubaki na mambo mawili: asishushe upepo akwame, au ashushe kisha aifuate gereji iliyo mbali kwa matairi malegevu. Malori yenye breki za upepo huwa na kompresa inayozungushwa na injini. Magari madogo mengi hayana, hivyo hufungiwa kompresa ya umeme wa betri, kwa kufuata hatua hizi:

Kwanza, mahali. Kompresa ifungwe juu, mbali na maji na matope. Ikiwa ni chini ya boneti, iwe mbali na bomba la moshi na feni. Nafasi isipopatikana, ifungwe ndani ya gari, nyuma au chini ya kiti, penye kupitisha hewa. Ikazwe kwa bolti na nati za kujifunga juu ya bamba la chuma, wala si juu ya bati jembamba, kwani mtikisiko wa njia mbovu hulipasua.

Pili, umeme. Kompresa nyingi za aina hii hutumia ampea 20 hadi 45. Tundu la kuwashia sigara halikutengenezwa kwa mzigo huo. Waya utoke moja kwa moja kwenye betri. Kwa kompresa ya ampea 30, waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi ya ampea 40 hufaa. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichunika na kugusa bodi, gari huweza kuungua. Umeme mkubwa upitie kwenye rilei, na swichi ipate umeme wake kupitia ufunguo wa gari ili kompresa isiachwe ikifanya kazi gari likiwa limefungwa.

Tatu, upepo. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Kipande cha kwanza cha mpira kitokacho kwenye kompresa kiwe cha kuhimili joto, kilichosukiwa nyuzi za chuma. Likiwekwa tangi, ni lazima liwe na vali ya usalama na bomba la kutolea maji, kwani hewa ya pwani ina unyevu mwingi nao huleta kutu ndani kwa ndani. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni. Povu likitoka mapovu, upepo unavuja.

Nne, matumizi. Kabla ya kuingia lami, gari lisimamishwe pahali pagumu kando ya njia, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ikiunguruma ili betri isiishe. Matairi yajazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kompresa ikipata moto sana, ipumzishwe. Kipimo kisomwe kwa geji. Kulipiga tairi teke si kupima.

Tano, matunzo. Chumvi ya bahari hula shaba na chuma. Baada ya kila safari viungo vya waya vikaguliwe na kupakwa grisi, na chujio la hewa lisafishwe.

Gharama ya kazi hii ni ndogo ikilinganishwa na tairi moja lililopasuka katika mwendo kasi barabarani Segera. Kila dereva anakumbushwa kwamba aliyeshusha upepo ana wajibu wa kuurudisha. Gari lisiingie lami kabla geji haijasomwa katika matairi yote manne.