Mzigo wa Mwuguzi

Mtoto wa Iguguno aweza kuchukua debe moja la maji. Mtwike matatu, yatamwagika njiani. Kazi ya mwuguzi ni vivyo hivyo. Tuseme mwuguzi mmoja analinda wagonjwa usiku, saa 12. Wakiwa 12, kila mmoja hupata dakika 60. Wakiwa 36, kila mmoja hupata dakika 20 tu. Nazo ni za kupima homa, kutoa dawa, kumgeuza asiyejiweza, kunawa mikono na kuandika daftari. Je, ni lipi litakaloachwa?

Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona ya kuwa kila wagonjwa wa mwuguzi walipozidi kwa mmoja, hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilizidi kwa 7 katika 100.

Moyo wa kazi nao una nguvu. Mshahara ufikao kwa wakati, nyumba iliyo karibu, hata neno la shukrani, humfanya mwuguzi akae shamba kwa furaha. Lakini moyo hauongezi dakika. Tena mwenye bidii ndiye achokaye upesi, kwa kuwa hakubali kuacha jambo. Alfajiri amenuna, na watu husema, "Mvivu huyu!" Hawakumwona saa 8 za usiku.