Kivishe Ndala Kishikwambi Chako: Kava la Kujitengenezea kwa Vitu Vilivyotumika

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba Tanzania nzima wakiwa na vishikwambi mkononi. Sensa ilipokwisha, vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Tangu hapo kishikwambi kinalala mkoba mmoja na chaki, funguo na chupa ya maji, na huko ndiko kinakopasukia. Kijitabu hiki kinaelekeza kutengeneza kava kwa vitu ambavyo karibu vyote vimo nyumbani: boksi, ndala zilizokatika, mguu wa suruali ya jinzi, kanga kuukuu na tyubu mbovu ya baiskeli. Cha kununua ni gundi ya fundi viatu.

Kinachovunja kioo

Kishikwambi kikianguka bapa, mara nyingi hupona. Kikitua kwa kona, kishindo chote huishia mahali padogo kama ukucha, na ufa huanzia ukingoni ukakimbilia katikati. Kwa hiyo kava nene mgongoni lakini tupu kwenye kona ni pambo tu, hata likiwa la ngozi. Adui wa pili ni mchanga. Punje zake ni ngumu kuliko vioo vingi, nazo zikinaswa kati ya kitambaa na kioo, kila hatua unayotembea ni msasa.

Vipimo na ukataji

Pima kifaa chako mwenyewe. Hapa tunachukulia chenye urefu wa sentimita 25, upana 16 na unene 1. Kata vipande vinne vya boksi, kila kimoja sentimita 27 kwa 18, kisha vibandike viwili viwili upate mbao mbili. Ukilitazama boksi ubavuni utaona mawimbi ya karatasi katikati. Mawimbi ya kipande cha juu yakatane na ya kipande cha chini, la sivyo ubao utakunjika kama daftari. Gundi ya unga wa ngano inashika boksi vizuri, ila mende nao wanaipenda; tumia ya dukani ukiweza.

Lazia mbao kanga upande wa ndani. Kanga nzuri kwa kazi hii ni ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, kwani mpya bado ina wanga na ni ngumu. Ikung'ute kwanza nje, isiwe na hata chembe ya mchanga.

Sasa ndala. Ioshe, ikaushe, kisha ichore herufi L nne, kila mkono urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 1. Chovya wembe kwenye maji ya sabuni kabla ya kukata. Wembe mkavu hung'ang'ania kwenye mpira na kuacha meno. Zibandike kwenye kona za ubao mmoja. Paka gundi pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ugandamize. Fanyia kazi hii nje ya nyumba, maana harufu ya gundi hiyo inalevya na si ya kuvutwa na watoto. Vipande vya ndala vikizidi kimo cha kioo kwa milimita 3 hivi, vinatosha. Juu ya kila kona pitisha utepe mwembamba wa tyubu kishazari, uibane kona ya kishikwambi isichomoke. Angalia tu usizibe kamera, spika wala tundu la chaji.

Bawaba, yaani jinzi inayofunika mbao mbili kwa nje na kuziunganisha, ndipo tulipokosea sisi wenyewe. Kava letu la kwanza lilikataa kufunga, likabaki limeachama kama kiboko, kwa sababu mbao mbili tulizisogeza karibu mno na kusahau kwamba katikati yake kutakaa unene wa ndala. Acha nafasi ya sentimita 2. Mbao mbili na nafasi hiyo ni upana wa sentimita 38. Ongeza 3 kila upande za kukunjia, unapata jinzi ya sentimita 44 kwa 33. Mguu wa suruali ya mtu mzima ukifumuliwa mshono karibu na paja unatosha. Kama huna jinzi, salfeti ya sukari au mchele inafaa. Ya saruji iache: vumbi lake halitoki lote hata ukiifua, nalo linakwaruza.

Kabla hujakiweka ndani

Liache kava lipigwe upepo siku nzima. Kisha weka kipande cha kigae chenye ukubwa wa kishikwambi, ulidondoshe kutoka kimo cha dawati. Kigae kikimeguka kona, ongeza ndala hapo.

Sumaku ya spika mbovu usiitumie kufungia kava. Huvuruga dira ya kifaa, na vishikwambi vingine huzimika kioo kikiikaribia. Kifungo na kitanzi cha tyubu vinatosha.

Boksi na jinzi hutunza joto. Wakati wa kuchaji kitoe kifaa kwenye kava, na usikichaji juu ya godoro. Ukiona kioo kimeanza kuinuka, betri imevimba: kizime, usikibonyeze kikae sawa, usiitoboe, kipeleke kwa fundi.

Ndala nayo huchoka. Kona ikibonyea isiinuke tena, ibandue uweke nyingine. Ndala moja ya mtu mzima hutoa kona zote nne na za akiba.