Bunju na Nahodha Cook

Katika miamba ya pwani yetu yumo samaki aitwaye bunju. Hana magamba, na meno yake manne yameungana mfano wa mdomo wa kasuku. Huyatumia kuvunjia kaa na kome. Mwendo wake ni wa polepole. Adui akimjia, hunywa maji mengi, tumbo likafura kama mpira, hata yule adui asiweze kummeza. Lakini silaha yake kubwa haionekani kwa macho. Ni sumu iliyo katika ini, mayai, matumbo, na mara nyingi hata ngozi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1774, Nahodha Cook, Mwingereza, alitia nanga katika kisiwa cha New Caledonia, bahari ya Pasifiki. Karani wake akanunua samaki wa jamii ya bunju kwa mwenyeji. Marikebuni walikuwamo wataalamu wawili, Forster na mwanawe, nao wakamwonya nahodha kwamba baadhi ya samaki hao wana sumu. Akajibu kwamba alipata kumla samaki huyo pwani ya Australia, wala hakudhurika. Jawabu hilo halikutosha, maana sumu ya bunju huzidi na kupungua kwa jamii, kwa mahali na kwa majira.

Kazi ya kumchora samaki ilichukua muda mrefu, hata yakapikwa ini na mayai tu, yaani sehemu zenye sumu nyingi kupita zote! Kwa bahati walionja kidogo. Yapata saa tisa za usiku wakaamka, viungo vimelegea, mikono imekufa ganzi. Cook aliandika kwamba mkononi mwake chombo kilichojaa maji na unyoya vilikuwa na uzito mmoja. Wakatapika, wakapona. Lakini nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa asubuhi amekufa.

Moto wa jikoni hauiharibu sumu hii, wala kuosha hakuiondoi. Huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kwenye misuli. Kwanza midomo na ulimi hufa ganzi, kisha miguu hulegea, mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi, na pengine mgonjwa angali asikia kila neno. Dawa ya kuivunja haijapatikana hata leo. Hospitalini waganga waweza kumpumulisha kwa mashine mpaka sumu imtoke mwilini. Kwa hiyo aliyemla bunju apelekwe mara midomo ianzapo kufa ganzi, wala asingojewe mpaka alegee.