Kiazi, Chumvi na Mwalimu wa Biolojia
Mhitimu wa biolojia aliyezoea hadubini za Chuo Kikuu, akipangiwa kufundisha Mbulu au Hanang, huenda akadhani kwamba pasipo maabara hakuna osmosi. Sivyo. Na akate kiazi mviringo vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja akitie katika maji matamu, cha pili katika maji yaliyokolezwa chumvi. Baada ya saa moja cha kwanza huwa kigumu, cha pili hulegea, kwa kuwa maji yametoka ndani ya seli, kupitia utando wake, kuelekea penye chumvi nyingi. Ndipo mwanafunzi aulizwe: kwa nini mahindi hayastawi ukingoni mwa Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi? Atakayejibu kwamba chumvi “huunguza” mizizi, arudishwe kwenye kiazi chake.