Giza Linapopima Ubaguzi

Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa nchi yao, lakini ni karibu theluthi ya wafungwa katika magereza ya majimbo na ya serikali kuu. Tarakimu hizi zikitajwa tu, ubishi huanza. Mmoja husema ni ubaguzi wa polisi, mwingine umaskini, mwingine malezi, na hakosekani wa kudai kuwa ni damu. Wote wanne wanasoma tarakimu zile zile, kwa hiyo tarakimu zenyewe haziwezi kuwaamua.

Kinachoamua ni utaratibu wa zamani wa sayansi: badilisha jambo moja, mengine yaache yalivyo, kisha tazama matokeo. Hakuna mtafiti awezaye kumbadilisha mtu rangi. Inambidi atafute mahali ambapo mambo yamejipanga yenyewe kama jaribio.

Chukua askari wa barabarani. Wakisimamisha madereva weusi wengi, huenda ni kwa sababu weusi wengi hupita njia ile saa ile. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020, wakiwa na rekodi za takriban magari milioni 100 yaliyosimamishwa, walilitumia jua. Saa moja jioni, sehemu kubwa ya Marekani ina giza mwezi Desemba na ina mwanga mwezi Juni. (Sisi wa karibu na ikweta, jua hutuchwea karibu wakati ule ule mwaka mzima, jaribio hili lingetushinda.) Saa haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba gizani askari hauoni vizuri uso wa dereva. Giza lilipoingia, sehemu ya weusi miongoni mwa waliosimamishwa ilipungua. Hapo ubaguzi si tuhuma tena, umepimwa.

Lakini usikimbilie kusema pengo lote limetengenezwa na polisi. Maiti haichaguliwi na askari. Weusi ni karibu nusu ya watu wanaouawa Marekani, na wengi wao huuawa na weusi wenzao, kama wazungu wanavyouawa zaidi na wazungu. Anayelificha hili kwa nia njema hawasaidii wafiwa.

Je, ni mazingira? Kuanzia mwaka 1994, serikali ya Marekani iliendesha bahati nasibu katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Baltimore. Familia maskini, nyingi za weusi na Walatino, zilishindania vocha za kuhamia mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Kura haijui nani mchapakazi. Watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao waliokosa vocha, na wengi zaidi kati yao waliingia chuo. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakuipata faida hiyo.

Na damu? Mwanabiolojia Richard Lewontin alilijibu swali hilo kwa mfano wa mbegu. Gawa gunia moja la mbegu mchanganyiko, nusu ipande kwenye udongo wenye rutuba, nusu kwenye udongo mchovu. Ndani ya kila shamba, mimea itapishana kwa sababu ya mbegu. Baina ya mashamba mawili, tofauti yote ni ya udongo. Kwa hiyo, hata kama sifa fulani, kama akili, hurithiwa ndani ya kundi, hilo halielezi pengo baina ya makundi.

Utafiti ninaouthamini kuliko yote ni wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake, wa mwaka 2018, uliofuatilia watoto wapatao milioni 20. Wavulana weusi waliolelewa katika nyumba zenye kipato sawa na za wavulana wazungu walikuja kupata mshahara mdogo na kufungwa zaidi. Wasichana weusi walipata karibu sawa na wasichana wazungu. Umaskini wa nyumbani peke yake, basi, hautoshi kuwa maelezo. Damu na malezi navyo vinakwama, maana kaka na dada wametoka kwa wazazi wale wale. Ukikutana na mtu mwenye sababu moja ya pengo hili, muulize kwa nini inamkamata kaka na kumwacha dada.