SOMO LA MWEZI: HOFU YA ALAMA ZA VIDOLE, NI BUSARA?

Mwaka 2019 tuliagizwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, ili kuwabana matapeli. Tangu 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Wako waliosema, "Tunachunguzwa", wengine wakawacheka.

Tuamue kwa haki. Kuogopa mashine si busara. Kumwuliza aishikaye ni busara. Bunge nalo liliona haja hiyo, likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023.

Basi, ukishabonyeza kidole kwa wakala pale soko la Kilombero, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, toa taarifa upesi kwa kampuni ya simu.

Swali la kujadiliana nyumbani: Taarifa zetu ziko mikononi mwa nani?