Kazi ya Wengi Yataka Fikira

Kazi ifanywayo na watu wengi pamoja yataka mambo mawili: nguvu za mikono na utulivu wa fikira. La kwanza hupatikana upesi. La pili husahauliwa. Na tuutazame Mpango wa Karanga wa Tanganyika, tupate fundisho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu walizunguka Afrika kwa majuma tisa tu, wakarudi na shauri la kulima karanga katika eka zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, na mwaka huo walikusudia eka 150,000. Lakini mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta, udongo ulikauka ukawa mgumu, na mvua haikutosha. Wagogo, wenyeji wa huko, walikuwa wakiujua ukame huo tangu zamani. Zikapandwa eka 7,500 hivi. Hata hivyo kazi iliendelea, ikiongezewa reli na bandari ya Mtwara, hata mpango ukavunjwa mwaka 1951, na paundi milioni 36 hivi zikapotea.

Watu wale hawakuwa wavivu. Walikosa kujaribu kwanza katika shamba dogo. Tena, kwa kuzihesabu eka, waliyasahau mafuta waliyoyatafuta.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe u katika kamati ya kuchimba kisima au kujenga zahanati, shika mambo matatu. Kwanza, kusudi la kazi liandikwe kwa maneno machache, lisomwe mwanzoni mwa kila mkutano. Pili, jambo msilolizoea lijaribiwe kwa udogo kabla ya kununua vyombo vikubwa. Tatu, wekeni mapema siku ya kusimama na kuulizana: Je, tuliyoyatenda yametusogeza karibu na kusudi letu? Siku hiyo mwenye mashaka aseme kabla ya mwenyekiti, na wenyeji wa mahali wasikilizwe. Kuuliza si ujinga.

Fedha ya kisima ni fedha ya mama aliyeuza mayai yake ili achange. Ikipotea kwa haraka yetu, hupotea pamoja nayo moyo wa kuchanga mara ya pili, na moyo huo ni mgumu kuurudisha kuliko fedha yenyewe.